Kuchagua urefu wa nyasi bandia kwa grini ya gofu ya nyumbani

Nyasi bandia zinazouzwa kwa ajili ya balkoni na kumbi za harusi huwa na nyuzi za milimita 25 hadi 40. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67 tu. Uweke juu ya kapeti la milimita 40 uone unavyozama. Ukiusukuma, unayumba kushoto na kulia, halafu unasimama popote unapotaka wenyewe. Ndiyo maana grini nyingi za uani, yaani sehemu laini za kusukumia mpira shimoni, huishia kuwa mahali pa kuanikia nguo.

Urefu ulioandikwa kwenye lebo si urefu utakaouchezea. Kapeti la grini humwagiwa mchanga katikati ya nyuzi, na mpira hubingirika juu ya zile ncha zinazobaki nje ya mchanga huo. Kwa hiyo kapeti na mchanga wake vipigiwe hesabu pamoja, kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Amua utacheza nini

Kama ni kusukuma mpira shimoni tu, chukua kapeti la nailoni lenye nyuzi zilizojikunja, milimita 10 hadi 15. Milimita 13 huwafaa wengi. Nyuzi zilizojikunja hubebana, hazilali upande mmoja kirahisi, na mchanga unaohitajika ni kidogo.

Kama unataka pia kuuinua mpira kutoka mita 10 au 15 utue na kutulia, kapeti fupi halitakusaidia: mpira utadunda kama umeangukia sakafuni. Hapo nunua la polipropilini, milimita 30 hadi 35, linalojazwa mchanga karibu hadi juu. Kinachomeza kishindo cha mpira ni mchanga, nyuzi kazi yake ni kuushikilia.

Kati ya milimita 18 na 25 sishauri. Ni ndefu mno kuchezewa bila mchanga mwingi, na ni fupi mno kubeba tabaka nene. Hizo ziweke pembeni, kuzunguka grini.

Kwa ua usiofika mita 6, chukua fupi tu.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe dukani

Chomeka kijiti cha meno katikati ya nyuzi mpaka kiguse mgongo wa kapeti, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula. Wauzaji wengine hujumlisha unene wa mgongo, na milimita 2 za bure kwenye kapeti la 13 si jambo dogo.

Kisha ligeuze na uhesabu safu za mishono ndani ya sentimita 10. Kapeti la grini lina safu kama 20 au 21. La bustani lina 10 au 11, hata liwe fupi kiasi gani. Likunje kidogo kwa mkono: ukiona mgongo peupe katikati ya safu, mpira utafuata mifereji hiyo.

Hatua ya 3: Kitanda

Chimba sentimita 12 hadi 13. Weka kokoto sentimita 10, shindilia kwa mashine, kisha vumbi la kokoto sentimita 2 hadi 3 lililoloanishwa kidogo, shindilia tena. Acha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji ya masika yaondoke.

Laza ubao ulionyooka wa mita 2 kila upande. Kwa kapeti la milimita 13, mwanya chini ya ubao usizidi milimita 3, kwa sababu kapeti fupi halifichi kitu: kila kishimo utakiona mpira ukipita. La milimita 32 husamehe kidogo, kwani mchanga husawazisha.

Kama eneo lina ndago, ng'oa na vinundu vyake kabla ya kumwaga kokoto. Ndago hutoboa hata plastiki.

Hatua ya 4: Tandika

Likunjue kapeti juani saa moja au mbili lilegee. Ukiunga vipande viwili, nyuzi zote zielekee upande mmoja. Ukikosea, mpira utabadilisha mwendo ukivuka kiungo. Misumari ni ya ukingoni tu. Msumari katikati ya grini huacha kibonyeo kisichoonekana kwa macho, ila mpira hukiona.

Hatua ya 5: Mchanga

Tumia mchanga wa silika uliokaushwa, chembe za mviringo za milimita 0.4 hadi 0.8. Wa bahari uache ufukweni: una chumvi inayovuta unyevu, na vipande vya makombe hukata nyuzi.

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mchanga kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, yaani takriban kilo 1.5. Kwa grini ya mita 3 kwa 5:

- Kapeti la milimita 13, mchanga milimita 5: lita 75, kama kilo 115. Mifuko 5 ya kilo 25 inatosha.
- Kapeti la milimita 32, mchanga milimita 27: lita 405, kama kilo 608. Hiyo ni mifuko 25, na mgongo wako utaijua kila mmoja.

Mwaga kidogo kidogo, milimita 2 au 3 kwa mara moja, siku kavu. Kila tabaka, piga brashi ngumu kinyume na mlalo wa nyuzi. Ukimwaga wote kwa pamoja, nyuzi hulala na kufukiwa; kuziibua tena ni kazi ya siku nzima. Maliza kwa kupitisha rola.

Hatua ya 6: Shimo

Kipenyo ni milimita 108. Bomba la plastiki la milimita 110 halifai, kwani hiyo ni ya nje na ndani ni jembamba zaidi. Nunua kikombe chenyewe. Kisimamishe kwa zege kabla ya kutandika, mdomo ukiwa sawasawa na kitanda, na tundu la kutolea maji chini. Mdomo ukipanda hata milimita 2, kapeti hutengeneza kichuguu kinachokwepesha mpira mlangoni.

Hatua ya 7: Pima kasi

Chukua chuma cha pembe cha sentimita 91, kata pengo dogo sentimita 76 kutoka ncha ya chini. Ncha ya chini ikiwa juu ya kapeti, weka mpira kwenye pengo, inua ncha ya juu polepole mpaka mpira udondoke wenyewe, kisha pima umbali kutoka ncha ya chini hadi unaposimama. Rudia mara 3 kwenda na 3 kurudi, tafuta wastani. Mita 2.4 hadi 3 ni kasi nzuri ya nyumbani.

Ikiwa polepole, ongeza mchanga milimita 1, piga brashi, pitisha rola, pima tena. Ikizidi kasi, inua nyuzi kwa brashi. Rudia kipimo baada ya mwezi, maana mchanga hushuka, na baada ya mvua kubwa.