Somo: Kufundisha kwa Matangazo Mubashara

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, kamera zinazoonyesha wanyama, bahari au dunia wakati tukio lenyewe likiendelea zina faida ambayo video iliyorekodiwa haina: hata mwalimu hajui dakika ijayo italeta nini, hivyo mwanafunzi hana jibu la kunakili na inambidi aangalie.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha saa, na hapo ndipo vipindi vingi huharibikia. Dubu wa maporomoko ya Brooks, Alaska, huvua samaki mwezi Julai, lakini saa nne asubuhi ya Mtwara kule ni saa tano usiku wa siku iliyotangulia. Namibia imepishana nasi kwa saa moja tu, kwa hiyo kamera ya dimbwi la kunywea wanyama katika jangwa la Namib hufaa vipindi vya asubuhi, hasa mnapofundisha jinsi viumbe wanavyohimili ukame. Kwa Jiografia napendelea Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambacho kiko takriban kilomita 400 juu yetu na huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Katika kipindi cha dakika 40, wanafunzi wana nafasi nzuri ya kuona mchana ukigeuka usiku, jambo ambalo tufe na tochi huliigiza tu.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo somo lenyewe, ni jedwali la safu tatu: muda, nilichokiona na ninachodhani. “Choroa amesimama kivulini” huandikwa safu ya pili. “Anakwepa joto” huandikwa ya tatu, na mwanafunzi aeleze ni ushahidi gani ungemfanya abadili dhana yake. Msiyachanganye mambo hayo mawili, kwa maana sayansi yote ya uchunguzi imesimama juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya tatu ni vifaa. Vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022 vinatosha kwa kikundi kidogo. Kwa darasa zima tafuteni projekta. Punguzeni ubora wa picha hadi 480, kwani kwa ubora huo saa moja hutumia takriban nusu gigabaiti tu ya bando.

Kipindi kinachofuata, jedwali lilelile liende kwenye mikoko ya Mikindani maji yakiwa yamekupwa, wanafunzi wawachunguze kaa kwa macho yao.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu wa Nachingwea:* Mtandao ukikatika katikati ya kipindi, nifanyeje?
*Jibu:* Endelea na safu ya tatu, Mwalimu, kwa yale yaliyokwisha kuandikwa. Pakua pia klipu fupi ya kamera hiyohiyo mapema, ila uwaambie wazi kwamba imerekodiwa.

*Mwalimu wa Kilwa Masoko:* Na kama dakika ishirini zimepita bila mnyama hata mmoja?
*Jibu:* Waandike hivyo, pamoja na saa na hali ya hewa inayoonekana. Mkirudia siku nyingine saa tofauti, mtakuwa na data ya kulinganisha.

*Mwalimu wa Newala:* Pembeni mwa picha watazamaji huandikiana, na lugha yao si njema kila mara.
*Jibu:* Funga gumzo hilo na ujaze kioo chote kwa picha kabla wanafunzi hawajaingia darasani. Wasiandike humo majina yao wala jina la shule.