Biashara ikibuma: jinsi ya kuikagua hasara kabla hujatafuta mtaji mwingine

Mtu biashara ikimbuma utamsikia anasema "nimejifunza", ukimuuliza umejifunza nini anakwambia watu wabaya, hali ngumu, mtaji ulikuwa mdogo. Sasa hayo ni malalamiko, na hata kama ni ya kweli hayakuambii kesho asubuhi ufanye nini tofauti. Hasara peke yake haimfundishi mtu kitu. Lazima uikalie chini uikague, na kuna namna ya kuikagua.

Kabla ya yote tuliza hali. Kama kuna watu wanakudai wapigie wewe kabla hawajakutafuta, mwambie kila mmoja una nini saa hizi na utaweza kulipa kidogo kidogo vipi, na usitaje tarehe ambayo hujui pesa yake itatoka wapi. Anayekudai akiona unazima simu anajua umemtapeli, na huenda ni sapulaya ambaye ukianza tena utamhitaji. Mzigo hautoki? Acha kuagiza mwingine. Alafu wiki hiyohiyo andika ilivyokuwa, mauzo yalianza kushuka lini, uliamua nini, ulimkopesha nani, wakati ule ulikuwa unajua nini na nini hukukijua. Ukisubiri miezi miwili kumbukumbu inajipamba yenyewe, unaanza kuamini uliona dalili toka mwanzo kumbe hukuona chochote.

Baada ya hapo ni hesabu, na hapa ndo wengi wanakimbia. Kama hukuwa na daftari chukua taarifa ya benki, meseji za malipo kwenye simu, risiti, chochote, ujenge picha ya miezi ya mwisho hata kama ina matobo. Unatafuta pesa ilipopotelea, na mara nyingi ni sehemu tatu.

Ya kwanza ni bei. Tuseme kitu unanunua kwa 80 unauza 100, faida yako ni 20. Ukimpunguzia mteja 10 tu unaona umetoa asilimia 10, kumbe umetoa nusu ya faida yako yote, ili upate faida ileile inabidi uuze mara mbili. Na mteja akiondoka na kitu kwa mkopo asirudi umepoteza zile 80 ulizonunulia, kwaiyo unahitaji kuuza vinne vingine kwa keshi ndo urudi sifuri. Fanya na hesabu hii, chukua gharama zisizobadilika za mwezi (kodi, mshahara, umeme, rejesho la mkopo) gawanya kwa faida ya kitu kimoja. Kama gharama ni 600 na faida ni 20 basi vitu 30 vya kwanza kila mwezi unafanya kazi bure, faida inaanza cha 31. Kuna watu waliuza 25 kila mwezi mwaka mzima na wanalaumu eneo.

Ya pili ni mzunguko, hii inaua hata biashara yenye faida. Sapulaya anataka pesa yake ndani ya siku 7 na mteja wako mkubwa analipa baada ya siku 30, hizo siku 23 katikati ni wewe unamgharamia mteja, na akiongeza oda unashangilia wakati shimo ndo linapanuka. Kwenye karatasi una faida, mfukoni huna nauli.

Ya tatu ni wewe mwenyewe. Kila ulichochota bila kuandika, cha nyumbani, cha ndugu, cha dharura. Sitaongea sana hapo, jilipe kiasi kinachojulikana basi.

Ukishajua ilipopotelea uliza kwa nini, alafu jibu lake nalo uliulizie kwa nini, mpaka kama mara tano. Mbinu hii ya kwa nini tano inahusishwa na Mjapani Sakichi Toyoda na ilitumika sana kwenye viwanda vya Toyota. Keshi iliisha, kwa nini? Mzigo ulikwama. Kwa nini? Niliagiza mwingi. Kwa nini? Sapulaya alitoa punguzo. Kwa nini nilikubali? Sikujua kwa wiki vinatoka vingapi. Haya, hapo umeshika kitu cha kurekebisha. Jibu likiishia kwa mtu mwingine au serikali au mvua, rudi nyuma uliza wewe ulikuwa umejiandaaje kwa hilo.

Angalia pia usijifunze kupita kiasi. Mmoja kakudhulumu unaapa hukopeshi mtu tena milele, wakati kosa labda lilikuwa kumkopesha mteja mpya kiasi ambacho akikimbia unafunga. Na kuna maamuzi yalikuwa sahihi kabisa kwa ulichokijua siku ile, yakaishia vibaya tu, hayo usiyatupe. Kinyume chake pia kipo, ulibahatisha ukapata unadhani ni akili.

Sasa funzo liandike kama sheria yenye namba. "Nitakuwa makini na madeni" haisaidii. "Mteja mpya hakopi, wa zamani hakopi zaidi ya faida yangu ya wiki moja, na mwenye deni ambalo hajalipa haongezewi" hiyo inashikika, hata msaidizi wako anaweza kuisimamia ukiwa haupo. Sheria mbili tatu zinatosha, ukiandika kumi na tano hutafuata hata moja.

Kabla ya kuweka pesa tena fanya zoezi ambalo mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein aliliandikia mwaka 2007, jifanye mwaka umepita na biashara mpya imekufa kabisa, alafu andika imekufa kwa nini. Mpe na mtu asiyekuonea aibu aandike zake. Kama sababu za juu kwenye hiyo karatasi ni zilezile za mara ya kwanza na hujazifanyia kitu, mtaji usiuguse kwanza, jaribu kwa oda chache za watu wanaolipa kabla hujanunua mzigo, na pesa iliyozama kule nyuma usiihesabu kama sababu ya kuendelea maana hairudi hata ukiendelea.