Radi, Cheche na Paka Apitaye Ukutani: Namna ya Kutengeneza Kijitabu cha Katuni cha Kurasa 8

Anza na mnyama. Wengi huanza na shujaa: wanamjaza misuli, wanampa joho linalopepea na nembo kifuani, halafu mwishoni wanambandika mbwa pembeni kama pambo. Vichekesho vya katuni ya namna hiyo hukauka kabla ya ukurasa wa nne, kwa sababu mbwa hana kazi ila kubweka mhalifu akitokea.

Mnyama mpe mambo matatu tu: nguvu moja, kitu kinachoizima nguvu hiyo, na tabia ya kawaida ya jamii yake isiyoondoka hata awe na nguvu gani. Mfano wetu ni paka anayepita ukutani. Manyoya yakilowa, nguvu inazimika. Tabia yake: akiona boksi tupu, lazima aingie akae. Tazama kilichotokea. Mhalifu hahitaji tena bunduki ya miale wala jeshi la roboti. Anahitaji boksi na ndoo ya maji. Nusu ya hadithi imeshajiandika.

Ila paka abaki paka. Asiwe mtu mdogo mwenye masharubu anayekwenda kuzuia wizi kwa sababu anachukia dhuluma. Anapita ukuta wa ghala kwa kuwa amesikia harufu ya samaki, na humo ndani kwa bahati ndimo mateka walimofungiwa. Akiokoa watu bila kujua, msomaji anacheka. Akiokoa watu makusudi, ni shujaa wa pili tu, mfupi zaidi. Usimpe sauti pia. Ukitaka tujue anachofikiri, tumia kiputo cha mawazo ambacho wahusika wengine hawakisomi; Krypto, mbwa wa Superman aliyeingia kwenye majarida mwaka 1955, alitumia njia hiyo.

Msaidizi ana kazi tofauti. Robin alipoletwa mwaka 1940, sababu mojawapo ilikuwa kwamba Batman hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, na Bill Finger aliyeziandika hadithi hizo alilieleza jambo hilo waziwazi. Bila mtu wa pili, shujaa atawaza peke yake kwenye viputo virefu. Kwa hiyo Cheche, msaidizi wa shujaa wetu Radi, ndiye anayeuliza, anayepinga, na anayegundua kwamba mpango una tundu. Kosa linalojirudia ni kumfanya atekwe kila toleo. Atekwe mara moja, na ajitoe mwenyewe huku Radi bado anahutubia.

Hesabu ya kurasa

Kijitabu cha karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati kina kurasa 8 za A5. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 8 ni jalada la nyuma, hivyo hadithi ina kurasa 6. Kwa wastani wa fremu 5 (visanduku vya picha) kila ukurasa, unazo fremu 30. Hizo zinatosha tatizo moja na mhalifu mmoja, hazitoshi kueleza paka alipataje nguvu. Sema kwenye fremu moja, au usiseme kabisa.

Kila jambo la kushtua liweke juu ya kurasa 2, 4 au 6, kwa sababu ndizo zinazoonekana baada ya kufunua. Boksi linalofunguka kwenye ukurasa wa 5 limeshaonwa na jicho tangu msomaji yuko ukurasa wa 4. Chora kwanza rasimu ndogo za kurasa zote 6 kwenye karatasi moja, kwa vijiti na duara tu, zisikuchukue zaidi ya saa moja. Mpe mtu azisome bila maelezo yako. Akikwama, kosa liko kwenye rasimu, na sasa ni rahisi kulifuta.

Maumbo

Radi awe na urefu wa vichwa 7, yaani mara 7 ya kimo cha kichwa chake, Cheche vichwa 4 na nusu, na mgongo wa paka uwe chini kidogo ya goti la Radi. Wachore wote kwa mbele, ubavu na nyuma, pamoja na sura 6 za kila mmoja: furaha, hasira, woga, mshangao, uchovu, na ile ya kujifanya hajui. Kisha wapake wote weusi tititi kama vivuli. Usipomtambua nani ni nani, badilisha umbo, si rangi.

Urefu huo ukiwaweka kwenye fremu moja huleta taabu: ama kichwa cha Radi kinakatwa, ama paka anakuwa nukta. Mpandishe paka begani, juu ya kabati, juu ya kichwa cha mhalifu. Joho lake liishie kabla ya shina la mkia, maana mkia na masikio ndiyo uso wake wa pili, na joho refu hufunika yote. Tena, kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kisigino. Paka na mbwa hutembea kwa vidole. Ukilikosea hilo, utapata mtu aliyevaa ngozi ya paka.

Fremu na maneno

Chora kwenye A4, utapunguza hadi A5 baadaye. Acha ukingo wa milimita 15 pande zote. Unabaki na eneo la milimita 180 kwa 267. Gawa safu tatu zenye kimo cha milimita 85, zikiachana kwa milimita 6. Ukigawa safu mara mbili, kila fremu ina upana wa milimita 87.

Andika maneno kwa penseli kabla ya kuchora mtu yeyote. Anayeanza kusema akae kushoto, la sivyo mikia ya viputo itapishana kama kamba. Herufi ziwe na kimo cha milimita 4, kwa sababu zikipunguzwa hadi asilimia 71 zinabaki karibu milimita 3. Chini ya hapo macho yanaumia.

Mwongozo mwingi wa katuni huhesabu maneno ya kiputo, ushauri usiotufaa. Neno letu moja linaweza kubeba sentensi: TUTAKAPOMKAMATA lina herufi 15 na linajaza mstari mzima. Hesabu herufi: zisizidi 16 kwa mstari, mistari isizidi 4. Neno likigoma kuingia, likate penye silabi, TUTAKAPO- kisha MKAMATA. NYUMBANI hukatwa NYU-MBANI, kamwe si NYUM-BANI. Na kwa herufi kubwa, ile alama ya NG' iandikwe nene ionekane, maana ikipotea kwenye nakala, ng'ombe wako anakuwa kitu kingine.

Kwenye milio ndipo tulipobarikiwa. Tanakali zetu zinamwambia msomaji hata mahali: Radi akianguka CHUBWI ni majini, TIFU ni mchangani, PA ni sakafuni, PU ni kishindo cha kitu kizito. Kwa hiyo unaweza kumtoa nje ya fremu kabisa, ukamwonyesha Cheche akifumba macho na neno CHUBWI likitokea chini. Usiongeze kisanduku cha maelezo kwamba Radi ametumbukia majini; utakuwa umekieleza kichekesho, na kichekesho kilichoelezwa kimekufa. FOFOFO juu ya paka aliyelala katikati ya vita inachekesha, na JII kwa herufi kubwa kuliko zote baada ya Radi kutoa mzaha usiochekesha inachekesha zaidi. Chora herufi za mlio kwa namna unavyosikika: nene kwa PU, zinazoruka ovyo kwa CHUBWI.

Wino

Tumia kalamu zenye wino usioyeyuka majini: ya milimita 0.8 kwa mipaka ya fremu na wahusika walio mbele, 0.5 kwa walio nyuma, 0.3 kwa nywele na mikunjo. Iliyo nyembamba kuliko hapo hupotea ukipunguza. Subiri wino ukauke kabla ya kufuta penseli, la sivyo utaburuza weusi ukurasa mzima. Paka mweusi usiku humezwa na giza; mwachie mstari mweupe wa milimita 1 kumzunguka. Paka anayepita ukutani umchore nusu kwa mstari kamili na nusu kwa nukta, kila mara vivyo hivyo, ili msomaji asiulize.

Kuchapa

Skani kwa nukta 600 kwa inchi kama ni nyeusi na nyeupe, 300 kama ina rangi. Panga hivi: karatasi ya kwanza, upande wa nje, ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia, ndani, wa 2 na wa 7. Karatasi ya pili, nje wa 6 na wa 3. Ndani wa 4 na wa 5. Kila jozi lazima ijumlike 9. Printa iambie igeuze kwa ukingo mfupi, vinginevyo upande wa pili utatoka miguu juu.

Mkono wa stepla ya kawaida haufiki kwenye mkunjo. Ifungue, weka karatasi juu ya kadibodi nene, jalada likitazama juu, gonga pini mbili, kila moja sentimita 5 kutoka ukingoni. Bandua taratibu, kisha laza ncha za pini kwa mgongo wa kijiko.