Ndoo ya azola si ndoo ya glirisidia

Msimu huu nimeingia bustani tatu nikakuta jambo lile lile: glirisidia, miti ambayo majani yake tunayafukia kama mbolea, zimeng'olewa na kurundikwa pembeni kama kuni, palipokuwa na mstari wa miti pamechimbwa bwawa la azola, kijimea kinachoelea majini ambacho nacho hufukiwa kama mbolea, na mboga kwenye matuta zimekuwa za njano kuanzia majani ya chini. Ukiuliza, jibu ni moja: "Azola inajaza bwawa kwa wiki, bwana shamba. Mti unanisubirisha miezi."

Ni kweli inajaza. Kwenye maji ya vuguvugu yenye fosforasi ya kutosha, azola huongezeka maradufu kwa siku 3 hadi 5, na bakteria wanaoishi ndani ya vijani vyake huinasa bure naitrojeni ya hewani, chakula kinachoipa mboga kijani. Azola haina kosa. Kosa liko kwenye ndoo.

Mama mmoja katika hao watatu alinibana vizuri. "Nilikuwa natia ndoo tatu za majani ya mti kila tuta, sasa natia ndoo tatu za azola. Na si wewe uliyetuambia azola ina naitrojeni kuliko glirisidia?" Nilisema, na sikatai. Azola ina naitrojeni kama asilimia 4, majani ya glirisidia kama 3.5. Nilichosahau kusisitiza, na hapo lawama naibeba, ni kwamba hesabu hiyo ni ya vitu vilivyokaushwa kabisa. Hakuna anayepeleka bustanini azola iliyokaushwa kabisa. Anapeleka maji yenye azola kidogo.

Tukaichota ndoo yake moja mbele ya mizani. Ilivyotoka bwawani ilikuwa na kilo 15. Tukaimimina kwenye wavu, tukaining'iniza mtini tukisubiri chai, na ilipoacha kudondosha tukapima tena: kilo 11. Yaani kilo 4 alizokuwa akizibeba kichwani zilikuwa maji matupu ya bwawa, na hatujagusa maji yaliyomo ndani ya mmea wenyewe.

Nataka kila mmoja afanye jaribio hili kabla hajashika jembe. Chuja azola, pima kilo 1, ianike juani kwenye gunia safi kwa siku 3, igeuze mara kwa mara hadi ivunjike mkononi. Utabaki na gramu 50 hadi 70. Fanya hivyo hivyo kwa kilo 1 ya majani na vikonyo laini vya glirisidia. Utabaki na gramu 200 na ushee. Ukishaviona hivyo viwili vimekaa sambamba hutanihitaji tena kwa hesabu inayofuata, ila naiandika kwa sababu najua wengi mtaruka jaribio.

Gramu 60 za azola kavu kwa asilimia 4 ni gramu 2.4 za naitrojeni. Gramu 220 za glirisidia kavu kwa asilimia 3.5 ni gramu 7.7. Basi kilo moja mbichi ya majani ya mti ni sawa na kilo tatu na zaidi za azola iliyochujwa. Tuta la mita 1 kwa 10 la mboga za majani, ukitaka kulipa gramu 100 za naitrojeni, linahitaji kilo 13 za glirisidia au kilo 42 za azola. Arobaini na mbili! Yule mama alikuwa akitia 33 baada ya kuondoa maji, na nusu ya hizo aliiacha juu ya udongo ikakauka.

Sasa pima bwawa lako. Azola iliyotanda vizuri, isiyoonyesha maji, ina uzito wa kilo 1 hadi 2 kwa kila mita ya mraba. Huvuni yote, unavuna nusu na kuacha nusu iendelee kuzaa. Bwawa la mita za mraba 10 litakupa kilo 5 hadi 10 kwa mvuno, na ukivuna kila wiki, tuta moja litakula mavuno ya mwezi mmoja hadi miwili. Mwenye matuta sita na bwawa moja ajijibu mwenyewe kama alipaswa kung'oa miti.

Kwenye muda nako mnaharibu. Azola ifukiwe siku ile ile ilipovunwa, kina cha sentimita 5 hadi 10, halafu subiri siku 10 hadi 14 ndipo upandikize miche. Ukiitandaza juu na kwenda zako, jua litaikausha na sehemu ya naitrojeni itaondoka na hewa; ile harufu kali inayochoma pua ndiyo mbolea yako inayopotea. Glirisidia ikatwe vipande, ifukiwe kina hicho hicho, isubiriwe wiki 1 hadi 2. Usichanganye matawi yaliyozidi unene wa penseli, hayo yapeleke yakafunike njia kati ya matuta. Na usipande mbegu siku unayofukia. Nimelisema hili kila mkutano, na kila mkutano yupo anayetikisa kichwa kisha anakwenda kupanda jioni ile ile.

Azola ikianza kuwa nyekundu, mara nyingi imekosa fosforasi au imechomwa na jua. Weka kivuli chepesi na samadi kidogo iliyooza. Maji ya sentimita 10 hadi 15 yanatosha. Isitoroke kwenda kwenye kijito au lambo, kwa maana ikifunika maji yote samaki hukosa hewa. Gugu maji ni mmea mwingine kabisa, wala usiliingize bustanini hata kwa kujaribu.

Kwa hiyo yupi? Mwenye mpunga achukue azola bila kusita, kwa sababu pale inakua juu ya maji ya jaruba lenyewe na hufukiwa hapo hapo maji yakishatolewa; hakuna kubeba ndoo. Wakulima wa Vietnam na China wameitumia hivyo kwa karne nyingi. Mwenye matuta ya nchi kavu ashike mti, na azola iwe nyongeza, hasa kiangazi glirisidia inapopukutisha majani, mradi maji ya bwawa yapo. Mwenye kuku naye atafurahia azola. Majani ya glirisidia usiwape kuku wala punda. Jina la mti huo kwa Kilatini lina maana ya muuaji wa panya, na halikutolewa bure.



Waliokwisha kung'oa, mtapanda upya mvua zikianza. Fimbo iwe ya tawi lililotimiza walau mwaka, urefu mita 1 hadi 1.5, unene sentimita 3 hadi 4, chini ikatwe mshazari kwa panga kali ili gamba lisichanike. Ifukie sentimita 30, sentimita 50 kutoka fimbo hadi fimbo. Usiikate kwa miezi 8 hadi 12 ya mwanzo, hata kama imefunga majani na mkono unawasha. Baada ya hapo pogoa kila miezi 2 hadi 3, ukiacha shina la mita 1.

Na lile rundo la kuni pembeni ya bwawa, usilichome bado. Kwaruza gamba la matawi yake kwa ukucha. Likiwa bado na kijani na unyevu chini yake, chagua yaliyonyooka, yaweke kivulini, na mvua ikinyesha ndani ya siku chache yatakuwa fimbo zako.