PhD ya biashara na menejimenti: tafuta data kabla hujatafuta chuo

Kila msimu wa udahili ukifika swali ni lilelile, "wakuu, chuo gani kizuri kwa PhD ya biashara?" Mi nasema hilo ni swali la tatu. La kwanza data utaitoa wapi, la pili nani atakusimamia, ukishajibu hayo mawili chuo kinajitokeza chenyewe.

Tuanze na data maana hapo ndo wengi wanakwama mwaka wa pili huko wakati ada imeshalipwa. Mfano mtu anataka kuandika utawala wa kampuni na faida kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwenye karatasi mada tamu kweli. Sasa kaa chini uzihesabu, chache, toa benki maana mizania ya benki haifanani na ya kiwanda cha saruji, toa na zile za Kenya zilizoorodheshwa huku pia kama KCB na Kenya Airways, unabaki na kampuni za kuhesabu kwa vidole afu unataka kupiga regresheni (hesabu ya kuona kipi kinaathiri kipi) yenye vigezo nane, haiendi, kampuni hazitoshi. Hapo ama upanue hadi Nairobi na Kampala au ubadili uende kwenye mahojiano ya kina na wajumbe wa bodi, ila hiyo ya bodi hakikisha una mtu wa kukufungulia mlango.

Wafanyabiashara wadogo nao wana yao. Nenda Kariakoo na dodoso limeandikwa "mauzo yako kwa mwezi ni shilingi ngapi" uone, mtu anakuangalia juu mpaka chini anajua umetumwa na TRA, watu wa kodi, akikujibu anakutajia namba ya uongo. Uliza kwa kuzunguka: mwaka huu umeongeza fremu? wasaidizi wako wangapi, mwaka jana walikuwa wangapi? mzigo unaagiza mara ngapi? Ukuaji unaupata bila kugusa hela. Na lijaribu hilo dodoso kwa watu wachache kabla hujachapisha mamia ya kopi.

Supavaiza sasa. Usiende kwa jina kubwa tu, soma makala zake za karibuni uone kama bado anaandika kwenye eneo lako, afu watafute wanafunzi wake uwaulize kitu kimoja tu, ukimpelekea sura inarudi baada ya muda gani. Kuna maprofesa wazuri mno lakini wana wanafunzi kibao na cheo cha utawala juu yake, sura inakaa miezi. Ukimwandikia, ukurasa mmoja unatosha: swali lako, kwanini lina maana, data inatoka wapi, utaichambuaje.

Njia ziko mbili, tasnifu tupu au kozi pamoja na tasnifu. Kama MBA yako uliisoma jioni na takwimu uliipita kwa kudra za Mungu, chukua ya kozi usijitese. DBA, yaani udaktari wa biashara unaoegemea kazini, inamfaa zaidi meneja anayetaka kutatua tatizo la kazini, ila kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu nenda PhD. Chuo cha nje? Ulizia TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kwanza kama wanakitambua, kwa Kenya tume yao ni CUE.

Kingine, sampuli. Karibu kila mtu anaibuka na fomula ya Yamane, ile ya kukupa idadi ya watu wa kuhoji, na fomula ile kwa makosa ya asilimia 5 hata uipe watu milioni kumi haivuki 400, ndo maana tasnifu nyingi zina sampuli ya 390 na kitu. Haijui una vigezo vingapi wala utatumia uchambuzi gani. Pakua G*Power, programu ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ni ya bure, piga hesabu humo, mtahini akiuliza unakuwa na jibu.

Barua za vibali anza mapema. Kwa Tanzania chuo kinakupa barua, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, mpaka kwa mtendaji wa kata, na benki au kampuni binafsi wana utaratibu wao kabisa. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia.

Makala nazo usisubiri mwisho, vyuo vingi vinazidai kabla hujahitimu. Jarida likikuambia lipa leo utoke wiki hii, hilo kimbia.

Ukishadifendi, yaani kutetea tasnifu mbele ya watahini, utapewa marekebisho. Chora jedwali la safu tatu, alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa gani, na pale usipokubaliana naye usiruke kimya kimya, andika sababu humohumo kwenye jedwali.