Somo: Mzee hajapata choo siku ya nne, anzia hapa

Habari zenu ndugu zangu, nimemuuguza mama tangu alipoanguka akaumia mgongo, na kilichomtesa kuliko hata huo mgongo ni choo kigumu.

1. Kabla hujakimbilia duka la dawa, mwaga dawa zake zote mezani uziangalie. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini zinafunga choo sana, vidonge vya kuongeza damu navyo, na baadhi ya dawa za presha. Usimkatishe mwenyewe, mpelekee daktari azione. Mama alimeza tramadoli wiki tatu na hakuna aliyetuambia kwamba inatakiwa iende na dawa ya kulainisha choo, iliniuma sana.

2. Maji. Mzee hasikii kiu kama sisi, halafu wengi wanajinyima makusudi kwa kuogopa kuamka usiku kwenda msalani. Mama alikuwa anamwagia chai kwenye maua, nikaja kugundua baadaye kabisa! Tukaamua anywe kidogo kidogo toka asubuhi hadi saa 11 jioni, uji, supu, maji, usiku analala kwa amani. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kwa daktari kiasi chake.

3. Muda, hapa ndo wengi tunakosea. Utumbo unaamka mtu akishakula, hasa asubuhi, kwa hiyo ndani ya nusu saa baada ya uji mpeleke chooni hata kama hajasikia haja, akae dakika 10, mlango ufungwe na asiharakishwe. Choo cha kukaa weka kigoda miguuni magoti yapande, ainame mbele kidogo.

4. Papai, maharage, mchicha, dona badala ya sembe. Ongeza taratibu, na bila maji vinaweza kumzibia zaidi.

5. Ikigoma, kuna laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, inachukua siku 1 hadi 2, usizidishe dozi eti leo hujaona kitu. Kumwingizia maji ya sabuni kwa nyuma acheni kabisa, yanaunguza utumbo.

Tumbo likivimba, akitapika, asipotoa hata ushuzi, kukiwa na damu au akianza kuchanganyikiwa ghafla, hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI

Bibi alifunga choo wiki nzima, leo anaharisha maji maji na kujichafua, nimpe dawa ya kuzuia?
– Usimpe dada angu! Mara nyingi ni choo kigumu kimeziba chini, maji yanapita pembeni. Mpeleke wamkague leo, akizuiwa atazidi kuziba.

Babu anapata kila baada ya siku moja, ni ugonjwa?
– Hapana, kama ni laini na hajikamui. Chini ya mara 3 kwa wiki ndo uanze kufuatilia.

Baba hataki mimi binti yake nimpeleke chooni, anabana mpaka kaka arudi usiku.
– Mwelewe, ni aibu kubwa kwake, ila kubana kunakausha choo. Tafuta mjukuu wa kiume awepo ile nusu saa ya asubuhi, au fundi akutobolee kiti, weka ndoo chini, wewe mfikishe tu halafu toka nje umsubiri akuite.