Jinsi ya kuisoma historia ya Nairobi Expressway kwa miguu, ukiwa chini yake

Expressway ni ile barabara ya kulipia, karibu na mjini imebebwa na nguzo juu ya barabara ya zamani. Kitu cha kwanza, usipande juu. Huko mwendo wa juu kabisa ni kilomita 80 kwa saa, hakuna kusimama, boda na baiskeli haziruhusiwi wala mtu wa miguu, ukigeuka kuuliza hapa ni wapi ushapita. Mimi mara ya kwanza tulipandia Museum Hill na binamu yangu tukienda South B, tukaanza kubishana tunatokea wapi, tukapitwa na pa kutokea, na huko juu hakuna kugeuza, manze tulishukia mbali na tukalipia ujinga wetu. Historia ya hii barabara iko chini.

Nenda Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa raba, beba maji, na simu usiichomoe chomoe ovyo. Vuka kwa footbridge palipo nayo.

Anzia Nyayo Stadium. Simama pembeni uangalie nguzo zilivyopangwa katikati ya barabara, kisha jiulize kwa nini mtu alifikiria kuweka barabara juu ya barabara. Aliyewahi kukaa Mombasa Road jioni hahitaji kuelezwa, ni jam, mtu anatoka airport na ndege yake imetumia muda mchache kutoka Mombasa kuliko yeye kufika tao, yaani katikati ya jiji. Ujenzi ukaanza 2020, magari yakaruhusiwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022, na Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, akaifungua rasmi Julai 31 mwaka huo huo. Hesabu ni rahisi kushika: kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na miaka 27 ya kulipisha. Maanake serikali haikutoa hela ya kujenga, China Road and Bridge Corporation ndio walijenga, karibu shilingi bilioni 88 za Kenya, na kampuni inayoitwa Moja Expressway inakusanya malipo mpaka hela irudi, halafu ndio barabara iwe yetu. Gari ndogo kwenda mwanzo hadi mwisho ilikuwa 360, Januari 2024 ikapanda hadi 500. Kwa hivyo wengi wetu bado tuko chini, kwa jam ile ile, sema siku hizi tuna kivuli.

Ukifika makutano ya Haile Selassie Avenue, tulia kidogo usikize. Kila gari ikipita juu pale vipande vya daraja vinapoungana inatoa mlio, du-dum, du-dum, lori utaijua bila kuiangalia. Na kama usiku kulinyesha utadondokewa na maji shingoni wakati mbingu ni safi kabisa, wauza njugu wa hapo wanajua matone yanaangukia wapi, we simama waliposimama wao.

Mbele ni Uhuru Park na hapa usiharakishe. 1989 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipigania hii bustani isijengwe jumba la ghorofa 60, na akashinda. Miaka thelathini baadaye, 2019, ikasikika kwamba Expressway itamega kipande cha park hiyo hiyo, watu wakapiga kelele tena na serikali ikarudi nyuma. Tembea ukiangalia ua wa park upande mmoja na nguzo upande ule mwingine, uone zilivyokaribiana. Na Uhuru Highway, hii barabara ya chini unayoifuata hapa, zamani za mkoloni iliitwa Princess Elizabeth, kwa hivyo si mara ya kwanza njia hii kubadilishwa sura.

Museum Hill pitia tu, ni kelele na kona, Mto Nairobi unapita hapo chini ukitaka kuuchungulia. Endelea Waiyaki Way mpaka Westlands, utafute mugumo. Ni mti wa kama miaka mia moja, umeenda juu kama ghorofa nne, na kwa Wakikuyu mugumo haukatwi hivi hivi. Ulikuwa kwa njia ya Expressway na ulikuwa ung'olewe, wanaharakati wakagoma, Novemba 2020 ikatoka amri ya rais kwamba ubaki. Miti mingine mingi ya hii barabara haikupata rais wa kuitetea.

Kurudi tao panda mat, yaani matatu, pale Westlands, lakini uliza makanga kwanza kama inapita chini, na ukae dirisha la kulia, ndio upande wa nguzo.